Baba Anayefanya Kila Kitu Asubuhi

Wenzangu mnaobaki na chaki mikononi, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie namna nilivyokuwa nikiwafanya wanafunzi watumie vitenzi vigumu vya Kiingereza bila kuwachapa wala kuwalilia. Sasa nimestaafu. Niko nyumbani Mapendo, asubuhi nakunywa chai yangu mpaka ipoe, hakuna kengele ya kunikatiza. Muda ninao. Mambo ya mishahara na ya nani alistahili cheo gani sitayaandika, yaliniudhi wakati wake na yamekwisha. Nitaandika juu ya mtu mmoja ambaye kila mwalimu wa Kiingereza hapa Goma anamjua ingawa hajawahi kumwona. Mtu huyo ni baba.

Baba huyo hufanya kila kitu asubuhi. Mpe mwanafunzi kitenzi cha kula, atakuandikia kwamba baba yake hula asubuhi. Mpe cha kucheka, baba hucheka asubuhi. Mwaka mmoja nilitoa kitenzi cha kuzama majini, na darasa zima likawazamisha baba zao kabla ya mapumziko. "My father drowns in the morning." Ukitafuta kosa la Kiingereza humo, hulipati. Lakini kama yale yangekuwa kweli, Ziwa Kivu lingejaa wazee na suti zao.

Nilikutana naye wiki yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nimeshuka kutoka Butembo na diploma mpya, begi moja, na Kiingereza nilichojifunza vitabuni, ambacho sikuwahi kukizungumza na mtu asiyejua Kinande. Shule ilikuwa Mabanga. Kuta zake zilikuwa za mbao zilizopigiliwa juu ya mawe meusi ya volkano, na mvua ikianza kupiga mabati ya paa, somo lilikuwa limekwisha, hata uwe na sauti ya mhubiri. Wanafunzi walisimama wote pamoja kunisalimu, "Good morning, Ticha!", na tangu hapo jina langu la Kahindo likabaki nyumbani. Huko kazini nikawa Ticha, mpaka leo mama wauza ndizi wananiita hivyo.

Kitenzi changu cha kwanza kilikuwa "mend", yaani kushona au kutengeneza kitu kilichoharibika. Nilikieleza kwa Kifaransa, nikakiandika ubaoni, nikaomba kila mmoja aandike sentensi. Nikabeba madaftari hadi chumba cha walimu nikiwa nimejaa furaha. Daftari la kwanza: baba yangu hutengeneza asubuhi. La pili hivyohivyo. Nilipofika katikati ya rundo nilikuwa nimeshashika kalamu nyekundu niwape wote sifuri kwa kuibiana.

Pembeni alikuwepo Muzee Bauma, Mhunde kutoka milima ya Masisi, mwalimu wa Kiingereza aliyenitangulia, aliyekuwa amebakiza muda mfupi apumzike. Alivaa koti la kijivu la kukinga vumbi la chaki siku zote, watu walisema hata kanisani. Siku hiyo alikuwa akisaga unga mweusi wa betri kuukuu za redio ili aupake ubao uliochujuka. Alisoma daftari tatu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Hawajakopia, mama," akaniambia. "Bote beko na papa mumoja."

Akanieleza kwamba sentensi ile iliingia shuleni zamani sana, hakuna ajuaye kwa mlango gani, na wakubwa wakawafundisha wadogo zao: mwalimu akikupa kitenzi usichokijua, kiweke pale kati, hatakuweza. Nikasema basi nitawaeleza sarufi upya. Muzee Bauma akatikisa kichwa.

"Gramere iko bien. Iko sawa kabisa. Lakini angalia muzuri, hamuna mutu ndani."

Kesho yake alikuja darasani kwangu na gunia lililotoboka, sindano ya magunia na kamba. Hakusema neno la Kifaransa. Alimpa msichana mmoja wa mbele sindano, akasema "Mend", akangoja. Msichana akashona. Gunia likazunguka benchi hadi benchi, na wavulana waliosema kushona ni kazi ya wanawake wakajichoma vidole. Halafu akasema kila mtu aandike sentensi aliyoiona kwa macho yake mwenyewe, yenye mtu mwenye jina na mahali pa kwenda. Nilisoma siku hiyo kwamba shangazi wa mmoja hushona vyandarua chini ya mti wa parachichi, na kwamba mwingine alishona mpira wa miguu kwa waya wa simu. Kulikuwa na makosa ya sarufi kila mstari. Nilifurahi mno, nikasahau kuyahesabu.

Hivyo ndivyo nilivyoishi kazini kuanzia hapo, na kama mnatafuta siri, ni hiyo tu: kitenzi kipite mikononi kwanza, halafu sentensi iwe ya kweli. Msitoe kitenzi ambacho ninyi wenyewe hamjawahi kukifanya. Nilipofundisha kubishania bei, niliwapeleka kwa mama wauza unga nje ya geti, nao wakafundisha vizuri kuliko mimi. Nilipofundisha kuvuta mzigo mzito, niliazima chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, tukaipakia mawe na kuizungusha uwanjani. Mkuu wa shule wa wakati huo, tunayemwita prefe, alitoka ofisini akifikiri tunahama.

Muzee Bauma alipostaafu aliniachia mfuko wake. Ndani mlikuwa na sindano ile, kufuli bovu, kipande cha ungo, kengele ya ng'ombe na vitu vingine ambavyo sikuwahi kujua ni vya kitenzi gani. Mfuko ninao hapa, nimeuning'iniza nyuma ya mlango. Atakayeutaka aje kunywa chai.

Baba hakufa, lakini. Baba hafi. Kila mwaka alirudi na wanafunzi wapya, na ndipo darasa langu la tano lilipobuni adhabu ambayo mimi nisingeifikiria. Mtu akisimama akasoma sentensi ya baba, darasa zima liliinuka na kumsalimu mzee: "Good morning, Father!" Msomaji alikaa chini, na jioni yake alifuta ubao. Walicheka, aliyesalimiwa alicheka, nami nilicheka. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa nzuri. Wapo waliokuwa wakiniita pembeni kabla ya somo wanionyeshe sentensi, kwa hofu ya kumleta baba darasani bila kujua.

Sasa nifike kwa Riziki, maana najua ndiye mnayemngoja. Baadhi yenu mlisikia mambo yake nusunusu, na kuna aliyeongeza chumvi.

Ulikuwa wakati ambapo kambi za Kanyaruchinya zimejaa watu waliokimbia vita Masisi, wamelala chini ya mahema juu ya mawe. Riziki alikuja katikati ya mwaka, msichana mkubwa tayari, ndani ya blauzi nyeupe ya kuazima. Alisema kwao alikuwa darasa la tano la sekondari. Karatasi za alama hakuwa nazo. Walitoka nyumbani na sufuria na blanketi, na katika haraka ile hakuna aliyefikiria bulletini.

Prefe wetu wakati huo alikuwa mtu wa Beni, mwenye moyo mzuri na mafaili mengi. Moyo ulitaka kumpokea, mafaili yalikataa. "Ticha, nikimupokea huyu bila bulletin, kesho nitamwambia nini mwenye kuja nyuma yake?" aliniuliza. Tukakubaliana akae darasani kwangu kwa muda. Prefe mwenyewe angekuja kumsikia akizungumza Kiingereza, kwa sababu katika masomo yote hilo ndilo ambalo mtu hawezi kulidanganya kwa kukariri. Akizungumza, atabaki darasa la tano. Asipozungumza, atarudi la tatu.

Nilimweleza Riziki. Alinisikiliza akiangalia viatu vyake.

"Ticha, wakinirudisha troisième, papa ataona masomo ni bure," akasema. "Kuko tante yangu, dada ya papa, Bukavu, ananingojea niende kuuza naye. Papa njo anakataa. Anasema nimalize kwanza."

Kwa hiyo nilijua kilichokuwa hatarini. Si mwaka mmoja wala miwili. Akirudishwa, shule imekwisha.

Shida ni kwamba Riziki hakuzungumza. Alielewa kila nilichosema, niliona machoni, na maandishi yake yalikuwa safi. Lakini kila sentensi aliyoandika ilikuwa ya baba. Kitenzi chochote nilichotoa, baba yake alikifanya asubuhi. Wenzake walimsalimu mzee, yeye akakaa, akafuta ubao. Kesho yake tena hivyohivyo. Alifuta ubao siku nyingi mfululizo bila kununa, mpaka wavulana wakaanza kumwita Mama Tablo, yaani mama wa ubao. Nilimwita nikamwomba aniletee sentensi moja tu ya kweli, hata ya makosa. Akasema, "Ndiyo, Ticha," kwa adabu kamili, na hakuleta kitu. Sikumlazimisha. Mtu aliyelala juu ya mawe ana haki ya kutoeleza alivyolala, ila prefe alikuwa anakuja.

Katika siku hizo tulifika kwenye kitenzi "glean". Ni kitenzi adimu, hata Waingereza wenyewe sidhani wanakitumia kila siku. Maana yake ni kupita shambani baada ya mwenye shamba kuvuna, ukaokota masazo: maharagwe yaliyodondoka, viazi vilivyosahauliwa udongoni. Nilimwaga vikombe viwili vya maharagwe kati ya mawe ya uwanja, nikamteua mvulana mmoja awe mwenye shamba, avune anachoweza, na wengine wapite nyuma yake.

Waliruka wote kwa pamoja kama kuku. Ndipo nikasikia sauti nisiyoijua.

"Ngojeni! Mwenye shamba hajatoka!"

Alikuwa Riziki. Wenzake wakasimama kwa mshangao tu. Mvulana akamaliza kuvuna, akasogea pembeni, na Riziki akamuuliza kwa Kiswahili, kwa heshima kama vile ana ndevu, "Papa, tunaweza?" Mvulana akajibu ndiyo. Msichana akainama. Vidole vyake viliingia kwenye nyufa za mawe, vikatoka na maharagwe, vikaingia tena, yeye akiangalia mbele. Wenzake walikuwa bado wanatafuta punje ya kwanza, naye kiganja kimejaa. Nilimsifu mbele ya wote, nikamwambia kesho nataka sentensi yake. Kesho yake akasema hana.

Prefe alikuja kabla ya wiki kuisha. Alikaa nyuma na karatasi yake juu ya goti, akasema atampa msichana kitenzi kimoja, asikie sentensi zake, basi. Vitenzi vya muhula nilikuwa nimevibandika ukutani. Alivipitia kwa kidole toka juu, vyepesi akavipita, akasimama kwenye cha mwisho. Glean.

Riziki akasimama. Alishika ukingo wa benchi. Akasema, kwa sauti ya kusikika:

"My father gleans in the morning."

Msiwalaumu wenzake. Mazoea ni mazoea, hata hawakufikiria. Darasa zima likainuka kwa mpigo: "Good morning, Father!" Kicheko kikafuata. Nilimwona prefe akitabasamu kwa huzuni, maana utani ule aliujua, na akaanza kuandika kwenye karatasi yake. Nilimwangalia Riziki nikingoja akae, aende kwenye ubao wake.

Hakukaa.

"No," akasema. "It is true."

Wenzake wakakaa wao. Riziki akaendelea kwa Kiingereza cha polepole, akisimama kila mara kutafuta neno, nami nakigeuza hapa kadiri ninavyokumbuka. Alisema kwamba kila asubuhi yeye na baba yake hushuka pamoja kutoka Kanyaruchinya. Baba hubaki kwenye depo ya maharagwe hapo chini ya shule, yeye hupanda kuja darasani. Malori yanapopakuliwa, magunia hutoboka. Baba hangoji gizani wala hajifichi. Hungoja mwenye mali apakue, afagie, ahesabu magunia yake. Halafu humwendea akamuuliza. Akikubaliwa, huokota yaliyobaki kati ya mawe. "Yesterday we ate what he gleaned," akasema, na sentensi hiyo sikuwahi kumfundisha mtu. Jana tulikula alichookota.

Prefe aliacha kuandika. Akauliza kwa Kiswahili, "Binti, ni kweli hii?"

"Ni kweli, Papa Prefe." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilisimama. "Kwetu tulikuwa na mashamba ya maharagwe mingi. Papa akimaliza kuvuna, bajane na batu bengine banakuja kuokota nyuma yake. Hakufukuza mutu hata siku moja. Alikuwa anatuambia tusifagie sana. Sasa yeye njo anaokota."

Nje mama wauza unga walikuwa wanapigiana kelele kama kawaida, na nilitamani wanyamaze. Nilikumbuka sentensi zote ambazo msichana huyu aliniandikia juu ya baba yake, na mimi nimeziona tupu kama za wengine. Hizo nyingine kweli zilikuwa za kujifichia. Lakini ndani ya hii alikuwemo mtu mzima, na koti lake, na magoti yake juu ya mawe.

Prefe alitoa miwani akaifuta kwa tai. "Sisi kwetu ilikuwa kahawa," akasema, bila kumwangalia yeyote. "Mama alikuwa anatupeleka chini ya miti ya watu, bakiisha kuvuna. Njo ilininunulia viatu vya kwanza." Alikata alichokuwa ameandika, akaandika kingine, akasimama. Akiwa mlangoni akageuka. "Ticha, huyu anabaki."

Darasa lilipiga makofi mpaka la jirani likaja kuchungulia. Jioni ile mvulana aliyebuni jina la Mama Tablo aliufuta ubao bila kuambiwa na mtu.

Ninyi vijana mna simu sasa. Nimeziona, ukiipa kitenzi inakutolea sentensi nzuri kuliko zangu, hata haikosei. Zitumieni, mimi si adui wa simu. Ila mwanafunzi akikuletea sentensi isiyo na kosa hata moja, muulize huyo baba yake anaitwa nani na anatokea wapi. Mara nyingi utacheka. Siku moja hutacheka.

Limebaki la mwisho. Siku ya kutangaza alama, wazazi walikaa uwanjani kwenye viti vya plastiki, wanafunzi wamesimama kwa mistari. Sherehe ilichelewa, kama sherehe zetu zote, ilikuwa saa saba imepita. Hapo akaingia mzee mrefu, koti limeshonwa kiwiko, kofia mkononi, akasimama getini akitafuta pa kukaa. Riziki akamkimbilia. Hakuna aliyewaambia darasa langu kitu. Nilisikia tu viatu vikikusanyika, na wote wakasema kwa pamoja, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwao:

"Good morning, Father!"

Mzee akasimama. Akaangalia binti yake, akaangalia mstari mzima wa watoto wanaomtazama. Kiingereza hakukijua. Lakini wiki zile zote, wakishuka pamoja kutoka Kanyaruchinya, alikuwa amemsikia Riziki akiirudia sentensi moja njia nzima, kwa fahari, na alikuwa ameishika. Akavuta pumzi, akawajibu kwa sauti ya mtu anayesalimia watu wa kwao:

"My father gleans in the morning."

Halafu akanigeukia mimi, akiwa na wasiwasi kidogo. "Ticha, nimeisema muzuri?"

"Muzuri kabisa, Papa," nikamwambia, na nikampisha kiti changu.